Hendeli Chini ya Kitanda

Shemeji yangu Jacktone ni mzaliwa wa kwanza, na hiyo ndiyo kazi pekee aliyowahi kuifanya. Nasema hivyo bila chuki. Chuki ni ya mtu unayemhesabu. Aligombea kiti cha wadi mara mbili akashindwa mara mbili, na tangu hapo anaishi Migori mjini, kwenye viti vya plastiki nje ya ofisi za wenzake waliofaulu, akingoja kukumbukwa. Huku kwetu Kisegi huja wakati wa matanga tu, ashike kipaza sauti. Jembe analijua kwa picha. Hata hivyo, katika dala yetu, boma aliloliacha marehemu baba mkwe, hakuna kinachoanza kabla Jacktone hajakianza. Ndivyo alivyotuaminisha, nasi tukafuata kama ng'ombe wanaofuata mkia wa mwenzao.

Usinielewe vibaya. Desturi naijua, nimezaliwa ndani yake. Mkubwa huoa kwanza, hujenga kwanza, mdogo hufuata. Mdogo akimruka mkubwa, chira humshika: anakonda bila ugonjwa mpaka anabaki ngozi, na dawa ya hospitali haimfai kitu. Sibishani na hayo. Ninachouliza ni kama waliotuwekea hayo walikuwa wakifikiria injini ya dizeli.

Mambo yalianza kwa tanuri. Mimi kazi yangu ni kukausha samaki kwa moshi. Kikundi chetu cha akina mama pale ufukweni kilijenga tanuri la matofali, zuri, linalompa samaki rangi ya hudhurungi sawasawa kutoka kichwa hadi mkia. Mteja wangu wa Isebania, mzee Gisiri, alishasema hanunui tena samaki wa kukaushwa kwenye pipa, hao wanaotoka weusi upande mmoja na wabichi upande wa pili. Kwa hiyo ni tanuri au njaa. Lakini tanuri lile lina mlango mdogo na halipokei gogo refu. Linataka kuni zilizokatwa vipande vifupi, urefu wa kiganja na nusu, lundo zima la wiki nzima. Kila mama ana wiki yake. Ukifika zamu yako bila kuni, unapitwa. Ukipitwa mara ya pili, nafasi yako anapewa aliye kwenye foleni, na foleni ni ndefu kuliko ya maji.

Mimi nilikuwa nimeshapitwa mara moja. Cephas, aliyekuwa akinikatia kuni, aliacha shoka langu limekwama kwenye gogo akaenda Masara kuchimba dhahabu. Siku hizi kila kijana mwenye mikono miwili yuko Masara ndani ya shimo, anatafuta utajiri, na huku nje hakuna wa kupasua hata kuni ya chai. Mume wangu Zadock bega lake la kulia liliharibika alipoanguka kutoka paa la kanisa, na tangu hapo hawezi kuinua shoka kupita sikio. Nami nilikata kwa panga mpaka kiwiko kikavimba. Mti wa mkaratusi uliokauka haukatwi kwa panga. Unabembelezwa tu, nao haubembelezeki.

Hapo ndipo Zadock alipopata wazo, na nitamsifu kwa hilo maana sifa zake nyingine ni chache. Zadock ni fundi wa mashine za posho, zile za kusaga unga. Alisema shoka linachosha kwa sababu linarukaruka, lakini kisu kizito kinachozunguka polepole na kwa nguvu kinaweza kula tawi nene kama vile wewe unavyokula muwa. Akasema kila kitu kinachohitajika kipo hapa hapa nyumbani, kinaoza.

Alimaanisha trekta. Baba mkwe aliinunua kwenye mnada wa shamba la miwa, ikalima misimu michache, ikafa mwaka ule ule aliokufa yeye. Tangu wakati huo imekaa nyuma ya nyumba ya mama mkwe, majani yameota mpaka kwenye usukani na kuku wanataga chini yake. Jacktone aliwahi kutangaza kwenye matanga kwamba trekta ile ni kumbukumbu ya familia. Kumbukumbu! Mtu aliyeshindwa kumwekea baba yake saruji ya kaburi mpaka tukachanga sisi.

Kwa hiyo Zadock akampigia simu kuomba ruhusa. Mwanamume mzima mwenye mvi kidevuni, anaomba chuma chakavu. Jacktone aliiweka simu kwenye spika ili waliokuwa naye wasikie anavyoombwa. Akakohoa, akasema atafikiria, akafikiria wiki nzima, kisha akajibu: sawa, ichukue, lakini mashine hiyo ikiwa tayari nitaianza mimi, utaratibu ni utaratibu. Zadock akasema, "Sawa, brother." Nilikuwa nimekaa pale pale nikipasua samaki. Nilimpasua aliyekuwa mkononi mpaka ubao.

Zadock akaja na mitungi ya gesi kuikata trekta. Mama mkwe akatoka nyumbani kwake. Ni mzee, mgongo umepinda, jina lake la kuzaliwa ni Adhiambo ingawa hakuna aliyebaki wa kumwita hivyo. Aliinama akamtoa kuku wake aliyekuwa amelalia mayai, akamtia kwenye karai pamoja na mayai yake, akaenda naye jikoni. Hakuna aliyemwambia neno. Bibi kizee na kuku wake, ungemwambia nini? Zadock akawasha gesi.

Alichotaka ni ile difu ya nyuma, yaani sehemu ya katikati ya magurudumu inayopokea mzunguko wa kasi kutoka kwa injini na kuugeuza kuwa mzunguko wa polepole wenye nguvu za kutisha. Akaipeleka Masara kwa Mwikwabe, Mkuria anayechomelea mashine za kusaga mawe ya dhahabu. Huko wakaufunga upande mmoja usizunguke, ili nguvu zote ziende upande wa pili. Kwenye upande huo wakafunga kisu walichokinoa kutoka kwenye springi ya lori. Chini ya kisu wakaweka kipande cha chuma cha jembe la trekta, ndicho cha kukatia. Injini ilitoka kwenye mashine ya posho iliyokufa kule Sindo, ile ya kuwashwa kwa kuzungusha hendeli, chuma kilichopinda, nayo Zadock aliifufua. Waswahili husema ukiona vyaelea, vimeundwa. Mimi niliona vikiundwa, na nilijivunia mume wangu karibu siku nzima.

Waliijaribu huko Masara. Ilikata mkaratusi mnene kama mkono wangu, kipande baada ya kipande, bila hata kuguna. Nikamuuliza Zadock, sasa je, si umeshaianza kabla ya kaka yako? Akasema Masara ni ugenini, huko hakuhesabiki, kinachohesabika ni kuianza ndani ya dala. Kumbe chira nayo ina mpaka wa kaunti. Ukiwa Masara, kaunti ya Migori, haikuoni, ukiingia kwetu Homa Bay inakudaka. Mwikwabe alimwambia kwamba mashine haina mkubwa wala mdogo, ina dizeli tu. Zadock akacheka, lakini hakusikia.

Basi mashine ikafika nyumbani. Ilikuwa mwezi wa tatu. Mama mkwe alikuwa amekwisha kutia mbegu zake za mahindi kama anavyoanza kila mwaka, nasi wake wa wanawe tukafuata na majembe yetu. Mvua ilikuwa imeanza kunyesha, samaki walikuwa wengi, na zamu yangu ya tanuri ilikuwa inakaribia. Mashine imesimama uani, imepakwa rangi ya kijani, inang'aa. Kando yake lundo la matawi. Na sisi tunamsubiri mheshimiwa.

Mheshimiwa alisema atakuja Jumamosi. Jumamosi kukawa na mazishi ya mtu mkubwa Rongo. Akasema Jumatano. Jumatano kukawa na mkutano. Kila akipigiwa simu alikuwa mtamu kama sukari guru: shemeji, nakuja, tulia, mambo mazuri hayataki haraka. Hayataki haraka kwake yeye ambaye samaki anamjua akiwa kwenye sahani. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na matumbo yaliyokuwa yanaumia hayakuwa yake. Alikuwa anafurahia. Mtu asiyeitwa popote amepata mahali pa kuitwa, unadhani ataitika upesi?

Lakini hasira yangu kubwa haikuwa kwa Jacktone. Huwezi kulikasirikia debe kwa kuwa tupu. Hasira yangu ilikuwa kwa Zadock. Jumapili anakemea mapepo kanisani mpaka spika zinapasuka, Jumatatu anaogopa kuwasha injini aliyoiunda mwenyewe kwa mikono yake. Nilimwambia hivyo. Nilimwambia ameunda kitu cha kukata mti mnene kama paja, ila neno la kaka yake halikatiki. Alichukua kitambaa akaanza kufuta mikono, ingawa ilikuwa safi. Nikamwambia basi kaa, mimi nitaiwasha. Mimi si mwana wa baba yenu, mimi ni mke wa kuja, hiyo chira yenu itanitafutia wapi?

Asubuhi yake hendeli haikuwepo. Bila hendeli injini ile haiwaki hata uisukume mpaka ziwani. Mume wangu aliitoa, akampelekea mama yake amfichie chini ya kitanda, asije mke wake akaileta laana nyumbani. Akaniambia mwenyewe, akitazama pembeni. Yawa! Nimeolewa na mtoto, nikasema, tena nikasema kwa sauti ambayo jirani aliisikia.

Nikaenda kwa mama mkwe. Nilimkuta jikoni akichambua mboga, yule kuku ndani ya karai karibu na miguu yake. Yeye huniita Nyar Karungu, binti wa Karungu, kwa kuwa ndiko nilikotoka. Nilisimama mlangoni, sikukaa hata, nikamwambia mama, nipe hendeli. Aliendelea kuchambua. Kisha akaniuliza, "Nyar Karungu, umekuja kuomba hendeli tu?"

Nikamwambia ndiyo, hendeli tu, zamu yangu ni Jumatatu.

Akasema aliyeiweka kwake ndiye atakayeichukua, akainamia mboga zake. Nikaondoka nikibamiza mlango wa bati. Njiani nilisema peke yangu maneno ambayo mke hasemi juu ya mama wa mumewe. Nilisema kwamba kizee yule hana faida, hata kuku anafanya kazi.

Jumamosi na Jumapili nilikata kwa panga. Jumatatu asubuhi nikabeba nilichopata nikakipeleka ufukweni. Mwenyekiti wetu, Caren, alilitazama lundo langu jinsi unavyomtazama mtoto wa mwenzako aliyejikojolea kanisani. Hakunitukana. Alisema pole, Roseline, hizi hazifiki hata Jumanne, na sheria tuliitunga pamoja. Nafasi yangu akapewa Lynnet. Lynnet! Mwanamke anayebanika samaki mpaka hujui kama ni sangara au ni makaa. Alikuja na kuni zake zimekatwa vizuri, amezileta kwa mkokoteni, na akaniambia asante. Sijui alikuwa akinishukuru kwa nini. Nikampigia mzee Gisiri kumwambia mzigo haupo. Akasema hakuna neno mama, atachukua kwa yule mwingine, na akakata simu kabla sijauliza mwingine yupi.

Alhamisi ndipo Jacktone alipotokea. Amevaa koti la suti katika jua lile, viatu vimechongoka, na nyuma yake kijibwa chake kimoja kutoka mjini kinachompiga picha kwa simu. Majirani wakajaa uani. Akauliza mbona shemeji hasalimii. Nikamwambia nimekusalimia tangu mwezi jana, ulikuwa hupokei.

Akahutubu. Alizungumza juu ya maendeleo, juu ya vijana, juu ya viwanda vidogo vidogo. Alisema wazo hili amekuwa nalo moyoni miaka mingi. Alisema marehemu baba yetu anatutazama na anatabasamu. Zadock alisimama kando ya mashine yake akifuta mikono. Kisha Jacktone akavua koti, akamkabidhi kijibwa, akakunja mikono ya shati, akainua kidole kuelekea nyumba ya mama yake na kuita kama mtu anayeagiza soda: "Mama, hebu leta hendeli."

Mama mkwe akatoka. Alitembea polepole na hendeli mkononi, ameishika kwa kipande cha kanga. Watu wakampisha. Jacktone akanyoosha mkono. Mama akampita, akaenda mpaka kwenye mashine, akaiegemea kidogo kupata pumzi. Akauliza nani anaanza.

Jacktone akacheka, akasema ni mimi, mama, mzaliwa wako wa kwanza, utaratibu ni utaratibu.

"Mahindi ya dala hii," akasema mama, "mbegu ya kwanza hutiwa na nani?"

Uani kulikuwa na watu wote wale na kila mmoja wetu alilijua jibu, maana hata wiki nne hazikuwa zimepita tangu tusimame nyuma yake kwa majembe, tukingoja atie zake. Mwenye dala huanza. Mwenye dala akifa, mke wake mkubwa aliyebaki ndiye mwenye dala. Mtoto mdogo wa Kisegi anayejua kufunga kaptura analijua hilo. Mkubwa wa wana hufuata baada ya mama, si kabla yake. Sijui tulidhani chuma ni nini, na dizeli ni nini, hata tukaona kwamba hayo ni mambo ya wanaume na bibi kizee hahusiki.

"Mmekata trekta ya bwana wangu," akasema, sasa akitutazama mmoja mmoja, "mkampisha kuku wangu, mimi hamkunipisha. Mmepigiana simu juu ya nani wa kwanza na nani wa pili. Nami niko hapo ndani, nasikia." Akamgeukia Jacktone. "Mlinizika lini?"

Jacktone akaushusha ule mkono aliounyoosha. Ningefurahi sana kumwona hivyo, kama swali lile lisingekuwa linanihusu na mimi.

Mama akampa Zadock hendeli, akamwambia amzungushie, maana yeye mikono yake haina nguvu hiyo. Zadock akaizungusha kwa bega lake zima, la kushoto. Injini ikakohoa, ikashika. Kisu kikaanza kuzunguka, polepole, kizito. Mama akachukua tawi jembamba kutoka kwenye lundo, Zadock akamshika kiwiko asikaribie sana, naye akalisukuma. Ilisikika sauti moja tu, fupi. Kipande kikaanguka upande wa pili. Akaenda akakiokota, akakitia kwapani, akasema hicho ni cha uji wake.

Kisha akamwambia Jacktone, haya, sasa wewe, ni zamu yako. Mwenyewe mwenye utaratibu alisogea hatua ndogo ndogo, akaliinua tawi, akakitazama kile kisu kinachokuja na kuondoka, akalirusha kutoka mbali kama mtu anayemtupia mbwa mkali mfupa. Tawi likaanguka chini. Akarusha tena. Watu wakaanza kucheka, na kijibwa chake kikaishusha simu kwa adabu. Mara ya tatu akasema vumbi limemwingia machoni, akavaa koti, akakumbuka mkutano. Zadock akafuata kwa zamu yake, na mashine ikala lile lundo lote kabla chai haijachemka. Vipande vilikuwa sawa sawa, urefu wa kiganja na nusu, kama vilivyopimwa. Vingenitosha wiki nzima ya tanuri na kubaki.

Majirani walipoondoka nilikwenda jikoni kwa mama mkwe. Safari hii nilikaa. Kile kipande chake kilikuwa kinawaka chini ya sufuria ya uji. Nilimuuliza kwa nini hakusema mapema, alijua zamu yangu ilikuwa Jumatatu, nafasi imekwenda, mteja amekwenda, angesema neno moja tu. Nilimuuliza kwa ukali, maana ndivyo ninavyouliza.

Alikoroga uji wake. "Nyar Karungu, ulisimama pale mlangoni nikakuuliza kama umekuja kuomba hendeli tu," akasema. "Ungeniambia niianze, ningeianza siku ile ile, kabla mboga hazijaiva. Mimi ningesemaje? Wafu hawasemi mpaka waulizwe."

Mdomo wangu unajulikana kutoka Kisegi mpaka Sindo. Siku ile nilimpokea mwiko nikakoroga. Baada ya muda tulisikia mkokoteni unaingia uani. Ni Lynnet, ameleta matawi yake ya zamu ijayo, anauliza kama mashine ya mama inakatia na watu wengine.